Ukurasa wa Nne wa Kisa cha Molefi

Kila Jumamosi ya tatu ya Septemba nina saa tatu za kumsikia Oteng Sebolai akisemwa. Mwenyewe hayupo. Yuko Palapye huko, anatengeneza pampu za visima, na jina linalotajwa darasani si lake, kwa sababu katika kisa nilichokiandika anaitwa Molefi. Lakini mimi najua ni yeye. Wanafunzi wangu arobaini wanapogombana, huyu akisema Molefi alikuwa shujaa na yule akisema Molefi alikuwa mpumbavu, mimi nasimama mbele yao na kalamu ya ubao mkononi, nasikiliza kama mke anayesikia mumewe akijadiliwa na majirani. Mume mwenyewe sikumpata. Ndiyo hivyo, na kosa ni langu, nitalisema muda si mrefu.

Nafundisha maadili ya biashara hapa Gaborone. Wanafunzi wangu ni watu wazima, mameneja wa benki, wahasibu wa migodi, wakuu wa maghala, wanaokuja Jumamosi kutafuta shahada ya pili ili wapandishwe vyeo. Somo langu hawalipendi. Masoko wanayapenda, fedha wanazipenda, lakini maadili wanayaona kama dawa ya minyoo, mtu anameza kwa kuwa ameambiwa ameze. Mwaka wa kwanza niliwasomea nadharia za wanafalsafa, wakasinzia mpaka mmoja akaanguka kitini, haki ya Mungu. Ndipo nikaandika kisa cha Molefi. Tangu hapo hajasinzia mtu.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka wa ukame, kiwanda cha unga kinapata kazi ya serikali ya kulisha shule. Molefi ni meneja wa ubora. Anapima mahindi, anakuta sumukuvu imezidi kiwango mara nne. Mkurugenzi anamwambia achanganye mabovu na mazima, kipimo kishuke, kisha atie saini hati ya ubora ili tani mia tatu ziondoke ghalani. Molefi anakataa, anachukua sampuli na kuipeleka maabara ya serikali. Kiwanda kinafungwa. Wafanyakazi mia moja na sitini wanarudi makwao mikono mitupu. Tume ya uchunguzi inaundwa, mkurugenzi anasema hajatoa amri yoyote, bali Molefi ameyaacha mahindi yaoze kwa uzembe wake na sasa anatafuta pa kujifichia. Molefi hana ushahidi. Swali kwa darasa: ungekuwa wewe, ungefanya nini?

Darasa langu hukaa kama kgotla, baraza la chifu, viti mviringo. Kila mtu ana neno lake na hakuna kumkatiza mwenzako hata akisema upuuzi. Wazee wetu walisema msema ovyo naye aachwe aseme, huenda zuri likatokea hapo hapo. Nami nikaongeza sharti langu, kwamba anayesemwa husema mwisho. Kwa kuwa Molefi hayupo, miaka kumi na moja neno la mwisho nimelisema mimi kwa niaba yake. Nilikuwa nalisema vizuri sana. Mwaka mmoja mama mmoja wa idara ya kodi alilia.

Sasa mwaka jana, mwezi wa Juni, mkuu wa shule yetu ya biashara akanipa fomu.

"Dokta Galeboe, visa vyote vinavyofundishwa hapa lazima viwe na ridhaa ya mhusika kwa maandishi. Kisa chako cha Molefi kina miaka kumi na moja bila ridhaa. Mhusika yupo hai?"

"Yupo."

"Basi asaini. Asiposaini, kitoe."

Nilitoka ofisini kwake na fomu mkononi. Kitoe! Alisema kama mtu anayekuambia utoe gari lililozuia lango. Hakujua kwamba kile kisa ndicho kitu pekee cha Oteng nilichobaki nacho. Picha nilizichoma mwenyewe kwa hasira nilipokuwa na miaka ishirini na tisa. Pete alirudishiwa mjomba wake. Kwa saa tatu kila mwaka ndipo ninapoweza kulitaja tendo lake kwa sauti mbele za watu bila mtu kuniuliza, wewe mama, mbona macho yanakutoka machozi?

Na nitasema sasa, maana mficha uchi hazai, nami nimeficha hadi nimekuwa tasa wa kila kitu. Kisa changu kina uongo. Uko ukurasa wa nne, mahali nilipoandika kwamba mkurugenzi alimpa Molefi amri kwa mdomo. Si kweli. Aliiandika. Ilikuwa barua ya ukurasa mmoja yenye mhuri, na aliyempelekea Oteng ile barua, na kalamu juu yake, ni mimi. Nilikuwa katibu muhtasi wa mkurugenzi. Nilikuwa pia mchumba wa Oteng. Wajomba walikuwa wamekubaliana ng'ombe wanane, na harusi ilikuwa Desemba.

Mkurugenzi hakunituma mimi kwa bahati mbaya, alijua anachofanya. Nami nikaenda. Nikamkuta Oteng maabara, koti jeupe, mikono imejaa vumbi la mahindi, nikamwambia, "Saini tu, mpenzi. Saini, Desemba tuingie nyumbani kwetu." Akaisoma, akairudisha juu ya meza taratibu. Akasema, "Gale, wewe umeisoma hii?" Nikasema nimeisoma. Akaniangalia kwa muda mrefu. Yale macho sijayasahau.

Mkurugenzi akaniambia niichome. Sikuichoma, niliificha, na hata leo sijui kwa nini sikuichoma na kwa nini sikuitoa. Tume iliponiita nikaapa kwa Biblia kwamba sijaona barua yoyote. Miezi miwili baadaye mkurugenzi, ambaye alikuwa na biashara nyingine chungu nzima, akanilipia masomo Cape Town. Nikasome nini? Maadili. Cheka, ruksa. Mganga hajigangi, lakini mimi nilizidi, maana hata uganga wenyewe niliununua kwa ugonjwa.

Basi nikatafuta namba ya Oteng kwa binamu yake, na nikamtumia kisa na fomu kwa basi la Francistown, vifurushi hushushwa Palapye. Ndani ya bahasha nikatia barua fupi ya heshima, kama tunaandikiana mabalozi. Kwa wiki mbili kila simu ikilia nilikuwa naruka. Jioni moja nikiwa nachambua mboga, ikalia.

"Gale."

Miaka ishirini na miwili, na hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kunikata jina namna ile. Nikakaa chini sakafuni, mboga mapajani.

"Oteng. U mzima?"

"Mzima. Magoti tu yananisumbua. Nimekisoma kisa chako mara tatu. Unaandika vizuri siku hizi. Zamani ulikuwa unaweka koma kila mahali kama unapanda maharage."

Nikacheka. Jamani, nilicheka mpaka nikaogopa atasikia kwamba nalia.

"Sasa," akasema, "huu ukurasa wa nne."

Nikavuta pumzi. "Ni kisa cha darasani, Oteng, mambo mengine hubadilishwa. Hata majina nimeyabadilisha ili kumlinda..."

"Bado unavuta pumzi vile kabla ya kudanganya," akasema. Hakusema kwa ukali. "Majina umebadilisha, sawa. Barua umeipeleka wapi?"

Maji ya bomba yalikuwa yanatiririka jikoni na sikuweza kuinuka kuyafunga.

"Mnakifundisha lini?"

"Tarehe ishirini na moja Septemba. Jumamosi, saa tatu asubuhi."

"Nitakuja nikae nisikilize. Nikishasikia nitajua kama ninasaini."

Tangu siku ile mpaka ishirini na moja sikuwa mtu, nilikuwa kichaa mwenye shahada. Nilisuka nywele mara mbili. Nilinunua gauni la buluu nikalirudisha dukani, nikalinunua tena. Na kila usiku nilifungua kabati, nikatoa ile barua ndani ya jalada lake, nikaiangalia, nikairudisha. Nilijiambia labda amesahau uzito wake. Labda anakuja kuniona tu. Mwanamke wa miaka hamsini na moja, mwalimu wa watu, ninajidanganya kama kigoli! Nilijua ana mke, tena mke mwema, muuguzi. Sikuwa nataka kumvunjia mtu nyumba. Nilitaka akae chumba kimoja na mimi, anione, basi.

Alfajiri ya siku ile nilipika ugali wa mtama na tikiti la lerotse, chakula alichokipenda kuliko chochote, na nyama ya kupondwa sufuria nzima ili wanafunzi nao wale, isionekane nimempikia mtu mmoja. Barua nikaitia kwenye mkoba. Sikuwa nimeamua chochote. Niliitia tu.

Alifika saa tatu kasoro dakika tano. Mnene kidogo, mvi, kofia mkononi. Alisalimia darasa, "Dumelang," wakamwitikia, akachagua kiti karibu na mlango. Nikawaambia wanafunzi ni mgeni wangu, mtu wa mashine, amekuja kusikiliza. Yeye aliitika kwa kichwa, kama tumekutana kwenye foleni ya posta.

Moagi, meneja wa benki ambaye hajawahi kuwa na shaka juu ya jambo lolote tangu azaliwe, ndiye aliyefungua.

"Mimi Molefi namwonea huruma, lakini tuseme ukweli. Watu mia na sitini walilala njaa kwa sababu ya sampuli moja ya mahindi. Huo ndio uongozi? Angekaa na mkurugenzi wakayamaliza ndani kwa ndani."

"Na watoto wa shule wangekula nini wakati ninyi mnayamaliza ndani kwa ndani?" Huyo alikuwa Sethunya, mkuu wa ghala la nafaka huko Pandamatenga, mwanamke mwenye kicheko cha kutikisa madirisha. "Uji wa sumu?"

"Mma, mama yangu, sumukuvu kidogo haiui leo."

"Haiui leo! Basi koroga uji umpe mwanao, kila asubuhi. Sisi tutaandaa viti vya msiba."

Darasa likaangua kicheko. Oteng naye akatabasamu, akainamia kofia yake. Kile kitabasamu cha upande mmoja! Nilishika ukingo wa meza.

Wakaendelea karibu saa nzima. Wengine walimtetea, wengine walimponda. Mhasibu mmoja akasema Molefi angejiuzulu kimya kimya. Kisha Moagi akarudi, na safari hii alikuja na panga.

"Tena mimi nina wasiwasi na huyu bwana. Anasema aliamriwa kwa mdomo. Nani alisikia? Yeye peke yake. Benki kwangu mtu akiniambia 'niliambiwa kwa mdomo', najua papo hapo ananidanganya. Huenda tume ilikuwa sahihi. Huenda alizembea mahindi yakaoza, akatafuta mtu wa kumbebesha."

Vichwa vingi vikatikisika kukubali. Miaka yote huwa kuna mmoja anayesema hivi, na miaka yote mimi humjibu kwa ustadi, na tunasonga mbele. Lakini siku ile mwenye kusemwa alikuwa amekaa pale mlangoni. Nilimwona akikunja ukingo wa kofia, akiukunjua, akiukunja. Hakuonekana kukasirika. Alionekana mtu aliyeyazoea yale maneno, na hilo ndilo lililonichoma. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Miaka kumi na moja nilikuwa namchoma mbele za watu nikidhani namsifu.

Sethunya akanyoosha mkono. Hakuwa anacheka tena.

"Dokta, kuna kitu hapa hakijakaa sawa. Ukurasa wa nne."

"Sema, Mma."

"Mimi nimekaa ghalani miaka kumi na tisa. Ghalani gunia moja halitoki bila karatasi. Hapa tuna tani mia tatu, mali ya serikali, mtu wa ubora amekataa, halafu mkurugenzi anasema kwa mdomo? Mdomo haufungui kufuli. Mimi mkuu wa ghala ningemwambia, mheshimiwa, niandikie, maana kesho nikikamatwa sitakamatwa na maneno yako. Kila mkurugenzi anajua hivyo. Karatasi ilikuwepo." Akagonga ukurasa kwa kidole. "Iko wapi? Na nani aliipeleka? Wakurugenzi hawazunguki na karatasi, wana watu wa kuwatuma."

Wanafunzi wangu mia nne na zaidi wamepita mbele ya ukurasa ule, wachumi, mawakili, hata mkaguzi mmoja wa hesabu za serikali. Hakuna aliyewahi kuuliza. Akauliza mwanamke wa maghala.

Nikavuta pumzi.

Na Oteng akainua kichwa. Aliisikia ile pumzi kutoka upande wa pili wa chumba. Tukaangaliana, mara ya kwanza sawasawa tangu aingie, na macho yake yalikuwa yale yale ya maabara, yanauliza, Gale, wewe umeisoma hii?

Mwalimu ana njia elfu za kulikwepa swali. Ningesema swali zuri, tutalirudia. Ningesema hebu tujadili katika makundi. Halafu ningegawa chakula, na Oteng angekula au asingekula, angerudi Palapye na fomu tupu, nami ningeendelea na mshahara wangu na heshima yangu. Na nilijua jambo moja zaidi. Nikisema kweli, alichokuja kukitafuta atakuwa amekipata, na hatakuwa na sababu ya kunitafuta tena maishani. Sijui kama mtu asiyependa anaweza kulielewa hilo.

Nikafungua mkoba. Funguo zikaanguka chini, nikaziacha.

"Sethunya," nikasema, "njoo uwasomee hii."

Akaja, akaipokea, akaisoma kwanza kimya na uso ukambadilika. Kisha akasoma kwa sauti. Ilikuwa na tarehe, mhuri wa kiwanda, na jina kamili la mtu anayeandikiwa, ambalo halikuwa Molefi. "'Unaagizwa kuchanganya shehena iliyokataliwa na mahindi safi, fungu moja kwa matatu, na kutia saini hati ya ubora kabla ya Ijumaa. Suala hili lisijadiliwe nje ya ofisi.' Mkurugenzi amesaini. Chini kuna mahali pa meneja wa ubora kusaini kwamba amekubali." Akaigeuza nyuma na mbele. "Pako wazi. Dokta, hii umeitoa wapi?"

"Niliipeleka mimi. Mimi ndiye niliyetumwa. Nilikuwa mchumba wake, nikamwambia asaini ili tufunge ndoa. Alipokataa nikaichukua nikaificha, na mbele ya tume nikaapa kwamba haikuwepo. Kila kitu alichokisema yule mtu kilikuwa kweli, nami nilijua, nikamwacha aitwe mwongo. Baada ya hapo mkurugenzi akanilipia masomo."

"Masomo ya nini?" akauliza Moagi. Sidhani kama alikusudia ubaya.

"Ya maadili, Moagi."

Mtu mmoja akacheka, akanyamaza ghafla. Kijana wa migodini aliyekuwa anaandika kila neno akaweka kalamu chini.

"Sheria yetu mnaijua," nikasema. "Anayesemwa husema mwisho. Jina lake si Molefi. Ni yule pale."

Viti arobaini viligeuka kwa pamoja. Oteng akasimama, akaweka kofia kitini. Alianza na Moagi, na alianza na mahindi. Oteng ni yule yule.

"Rra, bwana wangu, hayakuoza kwa uzembe. Yaliingia na unyevu wa asilimia kumi na nane. Niliyapima siku yaliposhushwa, nikaandika. Nilitaka ulijue hilo."

"Nisamehe, Rra," akasema Moagi, na kwa mara ya kwanza nilimwona hana la kuongeza.

"Hukujua. Uliandikiwa vibaya." "Mimi si mtu wa hotuba. Miaka ishirini na miwili watu wananiuliza, barua iko wapi? Mjomba aliniuliza. Mke wangu aliniuliza, akaniamini, lakini aliniuliza. Mwisho nikaanza kujiuliza mwenyewe. Usiku mwingine nasema, labda niliiota. Labda nilikuwa nimechoka, hakukuwa na barua, nimewamaliza watu mia na sitini kwa ndoto. Nimekuja leo kuona kama nina akili timamu." Akapangusa uso kwa kiganja. "Mama yangu peke yake hakuniuliza hata siku moja. Alikufa mwaka juzi. Hakuniuliza kwa sababu aliogopa nitamdanganya. Ndilo hilo tu."

Akakaa.

Chakula ni chakula. Kwetu mgeni haondoki hivi hivi, hata mgeni uliyemfanyia unyama. Nikatoka nje kwenye uwanja wa nyuma, nikafungua sufuria, wanafunzi wakaja mmoja mmoja wakipokea sahani bila kuniangalia usoni. Oteng alikuja wa mwisho. Nilidhani atapita. Alinyoosha sahani.

Akaonja ule ugali wa lerotse akiwa amesimama palepale, akatafuna, akatikisa kichwa.

"Chumvi bado hujui."

"Ulikuwa unakula hivyo hivyo."

"Nilikuwa napenda," akasema. Akala akamaliza, akaongeza sahani ya pili. Nilisimama kando yake na mwiko mkononi kwa muda wa sahani mbili, na huo ndio urefu wa ndoa yangu.

Alipomaliza alinawa mikono, akasema, "Naiomba ile barua."

Nikampa. Aliikunja kwa uangalifu, akaitia mfuko wa shati na kufunga kifungo.

"Kesho naipeleka kwa mama," akasema. "Kaburi liko Serowe. Nitamsomea. Jumatatu ndiyo nitaitafutia wakili."

"Oteng, nisamehe."

Alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena.

"Ukiitwa kuapa tena, utakuja?"

"Nitakuja."

"Bila kuvuta pumzi?"

"Bila."

Ilikuwa utani, karibu. Nikamwona anataka kutabasamu na hawezi. Nikatoa nakala nyingine ya fomu ya ridhaa, ujinga mtupu, sikujua mkono mwingine nifanyie nini. Akaiangalia bila kuishika.

"Mara ya pili unaniletea karatasi ya kusaini, Gale. Hapana. Hiki kisa hakinihusu tena. Niliyafanya yangu siku moja nikayamaliza. Aliyebaki mle ndani ni wewe. Andika chako, usaini mwenyewe."

Akaenda. Pale langoni alisimama kumpisha mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, kisha akapanda gari lake la pampu lenye mabomba juu. Nililisikiliza hadi likaingia barabara kuu, na hata baada ya hapo.

Nilijipeleka kwa mkuu wa shule mwenyewe siku ya Jumatatu. Nilipewa karipio la maandishi na kusimamishwa muhula mmoja. Walitaka kunifukuza, ila barua ya kunitetea ilikuja imesainiwa na wanafunzi thelathini na wanane, na aliyeiandika, usiniulize kwa nini, ni Moagi. Wakili wa Oteng alinipigia mara moja, nikaenda Palapye, nikaapa mbele ya kamishna wa viapo. Oteng hakuwepo, alikuwa kwenye kisima huko porini. Mke wake ndiye aliyenipokea, akanipa chai, akanishukuru kwa kuja. Ni mwema kweli. Ingekuwa rahisi zaidi kama asingekuwa.

Simu ikilia jioni bado naruka.

Kisa cha Molefi nimekitoa. Mwaka huu, Jumamosi ya tatu ya Septemba, niligawa kingine. Mhusika ni katibu muhtasi wa miaka ishirini na tisa, anatumwa na barua na kalamu kwa mchumba wake, na jina lake sikulibadilisha. Fomu ya ridhaa nilisaini mimi. Wanafunzi walinisema saa tatu nzima, viti mviringo, wengine bila huruma, nami nikakaa kwenye kiti cha mlangoni nikisubiri zamu yangu.

Kabla sijasimama, binti mmoja wa shirika la bima akanyoosha mkono.

"Dokta, na yule bwana? Alirudi?"

Nilitaka kuvuta pumzi, nikajizuia.

"Hakurudi," nikasema. "Namsubiri."

Kisha nikasimama, nikasema neno langu la mwisho, na tukaenda kula.